Siku moja maishani mwangu: nyuma ya gramu 75 za mafuta

Leo tunapima jinsi mwili wa mgonjwa unavyoshughulikia mafuta: atakunywa krimu, nasi tutafuata kifuko chake cha nyongo, homoni na mafuta ya damu.

Saa 12:30 asubuhi. Barafu tayari, sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu) imeshawashwa ipoe hadi nyuzi 4, tyubu za damu zenye kifuniko cha zambarau zimepangwa. Tyubu za GLP-1, homoni ya utumbo, zinatiwa kizuizi cha DPP-4, kimeng'enya kinachoivunja, kabla damu haijaingia. Mwilini nusu ya homoni hiyo huvunjwa ndani ya dakika mbili hivi; bila kizuizi huendelea kuvunjwa hata ndani ya tyubu, na majibu yatadanganya hata mashine ikiwa nzima.

Saa 1:00. Maswali kabla ya sindano. "Mama, jana usiku ulikula nini?" Jibu la "chakula cha kawaida tu" halitoshi. Seli za utumbo mwembamba hubakiza sehemu ya mafuta ya usiku, kisha huyaachia mlo wa asubuhi unapoingia. Aliyelalia chipsi mayai ataonekana ananyonya mafuta kupita kiasi, kumbe ni ya jana. Ndiyo maana tunataka ugali na mboga za kuchemsha, kisha saa 12 za maji matupu. Chai ya maziwa ya alfajiri nayo inaharibu kipimo: kifuko cha nyongo kinakuwa kimeshajikamua.

Saa 1:30. Damu ya kwanza, kisha ultrasaundi. Ujazo wa kifuko cha nyongo ni urefu mara upana mara kimo, mara 0.52. Kifuko cha sentimita 7 kwa 3 kwa 3 kina karibu mililita 33.

Saa 2:00. Krimu ya maziwa yenye mafuta asilimia 35, mililita 215, inywewe yote ndani ya robo saa. Akitapika, kipimo kimekufa. Apangiwe siku nyingine.

Saa 2:30 na saa 3:00, ultrasaundi tena. Hapa ndipo penye kazi. Mafuta yakifika kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, yanavunjwa kuwa asidi za mafuta, na zile zenye kaboni 12 au zaidi huamsha seli zinazotoa homoni ya kolesistokinini, CCK. Homoni hii hukikamua kifuko cha nyongo, hulegeza mlango wa mrija wa nyongo na huitaka kongosho imwage vimeng'enya. Sekretini, homoni nyingine ya utumbo iliyogunduliwa na wanafiziolojia Waingereza Bayliss na Starling mwaka 1902, huleta bikaboneti ya kupooza asidi ya tumbo, maana lipasi, kimeng'enya cha kongosho cha kuvunja mafuta, haifanyi kazi vizuri penye asidi. Kifuko kikishuka hadi mililita 11 au 12, kimejikamua kwa asilimia 65 hivi: safi. Chini ya asilimia 35 ni hafifu.

Lakini usikimbilie kulaumu kifuko. Kongosho ikichoka, mafuta hayavunjwi, na yasipovunjwa CCK haitoki ya kutosha. Ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni ya ngano huumiza utumbo mwembamba, hupunguza CCK pia. Dawa za jamii ya mofini hubana ule mlango wa nyongo. Na anayechoma semaglutide, dawa ya kisukari na unene inayochelewesha tumbo kumwaga chakula, krimu yake yaweza kuwa bado imekaa tumboni. Orodha ya dawa ni sehemu ya kipimo.

Saa 4:00, 6:00 na 8:00. Damu tena. Mgonjwa anakaa, hatembei, havuti sigara. Damu ya saa 6 ikitoka kwenye sentrifuji, plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli, ni nyeupe kama tui la nazi: hizo ni kailomikroni, vifurushi vya mafuta kutoka utumboni, zilizopita kwenye limfu hadi mshipa wa chini ya shingo upande wa kushoto. Trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, zikizidi 2.5 mmol/L, tunaandika kuwa zimepanda.

Linalonivutia kuliko yote ni seli za L, huko chini utumboni. Seli ileile hutoa GLP-1, inayochelewesha tumbo kumwaga chakula na kupunguza kailomikroni, na pia GLP-2, inayozisukuma zitoke. Kwa hiyo GLP-1 peke yake haitoshi kueleza mstari wa trigliseridi ulivyopanda.

Saa 8:30. Plazma inagawanywa kwenye vichupa vidogo na kugandishwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kilichoyeyuka mara moja hakirudishwi: homoni huharibika. Kwa CCK tunaagiza kipimo kisichoichanganya na gastrini, homoni ya tumbo, kwa sababu mikia ya homoni hizi mbili inafanana.