Mwanza hadi Bukoba, kilomita 174

Ukipima kwa mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi wa Bukoba, unapata kilomita 174 hivi, sehemu kubwa ikiwa maji. Ndege ya pangaboi inatumia kama dakika 40. Meli ikiondoka Mwanza usiku, alfajiri uko Bukoba. Kwa barabara inabidi ulizunguke ziwa kwa kusini, zaidi ya kilomita 400. Ndiyo maana mtu akiniuliza Bukoba ni mbali kiasi gani, namuuliza kwanza anapita wapi.

Aprili 2024 mama alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, saa sita mchana, kulekule Bukoba. Tulimsihi aje Mwanza, akakataa. Tangu MV Bukoba izame, Mei 21, 1996, hajakanyaga meli, na ndege ndiyo kabisa. Basi nikakata tiketi ya saa mbili asubuhi nimfuate mimi.

Naishi Buhongwa, na uwanja uko upande wa pili wa jiji, Ilemela. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha. Anayesema safari hii ni dakika 40 hajahesabu kulivuka jiji, wala kukaa pale ukisubiri kuitwa.

Tuliruka vizuri. Kisiwa cha Kome kikabaki kushoto, kisha mawingu matupu. Yalipoachana kidogo nikakiona kisiwa cha Musira, na ukishaiona Musira umefika, maana uwanja wa Bukoba uko ufukweni kabisa. Ukishuka, mjini unakwenda kwa miguu. Tukazunguka. Tukazunguka tena. Mara ya tatu Musira haikuonekana. Dada niliyekaa naye alikuwa ameshika rozari, midomo inacheza bila sauti. Wote tulikuwa tunawaza jambo moja: Novemba 6, 2022, ndege ilianguka ziwani hapohapo ikikaribia kutua katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19. Rubani alipotangaza kwamba tunarudi Mwanza, hakuna aliyeguna. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya rubani yule, na mpaka leo namshukuru.

Saa nne na nusu nilikuwa Mwanza tena. Tukachanga watu wanne, tukakodi gari dogo. Kigongo, kwenye ghuba ya Mwanza, tulisubiri kivuko karibu masaa mawili, nguzo za daraja zimesimama majini pembeni yetu. (Siku hizi daraja lipo, tangu Juni 2025, kama kilomita 3, unavuka kwa dakika chache. Kila nikipita pale naitazama ile sehemu tuliyopanga foleni.) Sengerema, Geita, Katoro. Muleba tuliikuta gizani, migomba inalowa pande zote mbili za barabara.

Saa nne usiku niliingia wodini. Nesi alinipa dakika tano. Mama alikuwa amelala chali, bandeji jicho la kulia, lile jingine amelifumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Akaupapasa mkono wangu mpaka akaushika.

"Asubuhi nilikusikia," akasema. "Ulizunguka mara tatu."