Nyuzi 31

Mayai yalifika Igoma, jijini Mwanza, kwa pikipiki, ndani ya beseni lililofunikwa kanga mbichi. Ilikuwa vuli ya mwaka 2012, mwishoni mwa Novemba, watu wakitayarisha majaruba ya mpunga. Chatu mama alikuwa ameuawa asubuhi ile kwenye kichaka kilichokuwa kikifyekwa upande wa njia ya Magu. Walimkuta ndani ya shimo la muhanga, amejiviringisha juu ya mayai yake. Chatu anayeatamia huwa mzito kuyaacha mayai, ndiyo maana ni rahisi kumuua.

Aliyeyaokoa ni mzee wa Kisesa ambaye mtaani kwetu sote tulimwita Babu. Alikulia katika Bayeye, chama cha ngoma cha Wasukuma wanaocheza na nyoka, na ujanani alilisha wanyama katika bustani ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, ile iliyoanzishwa mwaka 1964, kabla kisiwa hakijawa hifadhi ya taifa. Alikuwa na kibali cha kufuga nyoka, na alikuwa ameshampigia simu afisa wanyamapori. Shangazi alimuuliza hilo kabla hata ya kufunua beseni. Alikuwa na biashara yake ya kutotolesha vifaranga na hakutaka kesi ya nyara za serikali.

"Mwanangu, nimekuja kuomba joto," Babu alisema.

Shangazi akaenda kufungua mashine ya vifaranga. Babu akamzuia. Mashine ile ilikuwa nyuzi 37.5, joto la yai la kuku, na ilikuwa ikigeuza trei yenyewe mchana na usiku. Mambo hayo mawili, yote yangeyamaliza mayai ya chatu. Yai la chatu linataka kama nyuzi 31. Likikaa juu ya 34 kiinitete hufa, au nyoka anatoka na uti wa mgongo uliopinda. Na halipinduliwi. Baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye ganda upande wa juu, na ukiligeuza yai unaweza kumuua humo humo. Babu alikuwa ametia alama ya mkaa juu ya kila yai kule kule shimoni, kabla ya kuligusa. Yalikuwa zaidi ya thelathini, makubwa kuzidi ya bata, ganda laini, mengi yameshikana. Yaliyoshikana aliyaacha hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nasubiri matokeo, kwa hiyo kazi ya kutengeneza kitotoleshi ikawa yangu. Nilipata boksi la foamu la wasafirisha minofu ya sangara. Boksi linalozuia baridi isitoke huzuia na joto pia. Chini nilipanga chupa za plastiki zilizojaa maji, juu yake wavu wa chuma, kisha beseni la mchanga wa mto niliouosha na kuukaanga ili kuua ukungu. Mchanga ulitiwa maji kidogo tu: ukiukamata unashikana, ukiuminya hautoi tone. Balbu ya wati 40 iliingia ndani ya kopo la maziwa ili mwanga usiyapige mayai, na themostati, kifaa cha kuwasha na kuzima balbu kulingana na joto, tuliitoa kwenye mashine ya zamani ya shangazi.

Chupa zile za maji ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko balbu. Hewa peke yake hupata joto haraka na kulipoteza haraka; maji hulishika na kuliachia taratibu. Babu alisisitiza pia kwamba kipimajoto kikae katikati ya mayai, kisininginie kwenye mfuniko, kwa sababu joto la juu ya boksi na la chini halikuwa moja hata kidogo. Mara kwa mara nilifungua mfuniko kidogo ili hewa ibadilike, nikafuta matone yaliyojikusanya ndani yake, maana maji yakidondokea yai huliozesha.

Wengi hudhani Mwanza ni joto tu. Mchana ndiyo, lakini jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua joto hushuka hadi nyuzi 18. Usiku mmoja wa Desemba dhoruba ilitoka ziwani, upepo kwanza, kisha radi, na umeme ukakatika mapema tu baada ya chakula. Kipimajoto kikaanza kushuka. Thelathini. Ishirini na tisa. Shangazi akaja na jiko la mkaa limekolea, akitaka kuliweka chumbani chini ya meza ya boksi. Nikampigia Babu simu.

"Shikamoo Babu. Umeme umekatika."

"Marahaba. Inasoma ngapi?"

"Ishirini na nane na inashuka. Shangazi ameleta jiko."

"Mwambie alitoe nje. Moshi wa mkaa utaua mayai, utawaua na ninyi. Sikiliza, mwanangu: baridi ya usiku mmoja itawachelewesha tu. Joto la kupita kiasi, saa chache zinatosha kuwaua."

Akaniambia nichemshe maji nje, niyachanganye na ya baridi mpaka mkono uvumilie, niyatie kwenye chupa nizipange pembeni, mbali na mayai, kisha nifunike boksi zima kwa blanketi. Tulikesha, shangazi akichemsha, mimi nikibadilisha chupa. Kabla ya alfajiri ilikuwa imefika 26. Kila niliposoma namba ile nilitamani kuzidisha maji ya moto, na kila mara nilikumbuka sauti ya Babu nikaacha. Umeme uliporudi asubuhi themostati ilirudisha joto taratibu.

Babu alipokuja alinieleza namna chatu mama anavyofanya. Hutoka shimoni, hulala juani mpaka mwili upate joto, kisha hurudi kuyazungushia mayai joto lile. Kwa hiyo hata porini hayakai kwenye namba moja saa zote. Hupanda na kushuka, lakini polepole. Nilielewa basi kwamba kazi yangu ilikuwa kuzuia joto lisiruke, zaidi ya kulipandisha.

Machache yalikuwa viza, yakageuka manjano na kuota ukungu. Babu aliyaondoa yale tu yaliyotoka bila kulazimisha. Mengine tukiyamulika kwa tochi tuliona mishipa myekundu.

Matokeo ya mtihani yalitoka Februari, na mwaka ule nchi nzima ilisikitika kwa wingi wa waliofeli. Mimi nilikuwa nayatazama mayai. Yalianza kubonyea, nikaogopa, Babu akasema ndivyo yanavyokuwa yakikaribia. Kisha ganda la kwanza likachanwa, mchano mwembamba kama wa wembe, pua ikachomoza. Tulikatazwa kuwasaidia. Walikaa kichwa nje, mwili ndani, hata siku nzima, wakimalizia kiini, ndipo wakatoka wenyewe, kila mmoja kama nusu mita.

Afisa wanyamapori alipokuja kuwachukua, alifuatana na mwenye shamba ambako mama yao aliuawa. Mwenye shamba aliwatazama kwa muda mrefu, akauliza kama wawili watatu wanaweza kurudishwa kwenye majaruba yake, kwa sababu panya walikuwa wanammaliza. Afisa akasema hapana, wataachiwa porini mbali na nyumba za watu.

"Sasa Mzee, nikimkuta mwingine shimoni nifanyeje?"

"Usichimbe," Babu akamjibu. "Simika mti uwe alama, lima kwingine, mwite afisa. Watoto wakishatoka, mama ataondoka mwenyewe."

Yule bwana akawageukia vijana aliokuja nao, akawauliza kama wamesikia, kisha akawarudishia maneno yale kwa Kisukuma, moja baada ya jingine.