Anzeni na kichupa, si macho

Mzazi akishuku kwamba kijana wake aliye chuoni Marekani anatumia vibaya Adderall au Ritalin, dawa za kuchangamsha ubongo wanazoandikiwa wenye shida ya kutulia na kuzingatia (ADHD), humkazia macho. Shikeni kwanza kichupa cha dawa.

Lebo ya famasi ina tarehe, idadi na maelekezo. Tuseme vilitolewa vidonge 30, kimoja kila asubuhi, naye akaanza tarehe 4. Usiku wa tarehe 18 vinatakiwa vibaki 15. Ukikuta 6, vidonge 9 vimekwenda kusikojulikana. Ukikuta 24, usishangilie: pengine anaviruka kwa kuwa vinamkata hamu ya kula, pengine anaviwekea akiba wiki ya mitihani, au anawagawia wenzake, na huko kugawa pekee ni kosa la jinai. Muulize kwa upole. Cheti kimoja cha dawa hizi hakitumiki mara mbili, ndiyo maana anayemaliza mapema huanza kudai vimepotea au kutafuta daktari wa pili.

Mdomo mkavu na kupungua uzito huweza kutokea hata kwa anayemeza inavyotakiwa, kwa hiyo dalili moja haimtii mtu hatiani. Tazama mwenendo: usiku mbili bila usingizi, maneno yasiyokatika, kusaga meno, mboni zilizotanuka hata mwangani, halafu analala mchana kutwa, anaamka na njaa na hasira.

Angalia na meza yake. Kapsuli ya Adderall XR ina vipunje: nusu huyeyuka mara moja, nusu saa kadhaa baadaye. Maganda matupu, unga na mrija uliokatwa vinaonyesha anasaga na kuvuta puani, dozi ya siku nzima ikimvamia moyo kwa mkupuo. Akichanganya na pombe hajihisi kulewa, basi huongeza glasi.

Kidonge kisichotoka kwenye kichupa chake ni cha kuogopwa zaidi. Vya bandia vinavyouzwa mitandaoni vimekutwa na methamfetamini, dawa kali ya kulevya, hata fentanili, afyuni ya maabara inayoua kwa kiasi kidogo mno. Wekeni nyumbani naloksoni ya kupulizia puani, dawa inayozima sumu ya afyuni; tangu 2023 inauzwa bila cheti. Huokoa kwenye fentanili, si kwenye Adderall.

Kifua kikimuuma, mwili ukiwaka moto, akichanganyikiwa au kupata degedege, pigeni 911 na mwape wahudumu kichupa. Akiacha dawa ghafla baada ya kuitumia kupita kiasi, siku za kwanza huweza kuja na huzuni nzito, hata mawazo ya kujiua. Msimwache peke yake. Namba ya 988, ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, hupokelewa saa 24.