Elizabeti wa Hungaria na Meza ya Ndugu Zake

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Kila tarehe 17 Novemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Ndugu zetu wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko wanamfahamu vizuri, maana ni msimamizi wao. Wengi wetu tunamjua kwa ile picha ya binti wa mfalme aliyebeba maua ya waridi kwenye pindo la vazi lake, ambayo yasemekana yalikuwa mikate ya maskini iliyogeuka. Picha hiyo naomba tuiweke kando kidogo. Miaka michache baada ya kifo chake, wajakazi wanne waliokuwa karibu naye waliitwa kutoa ushahidi, na maneno yao yamehifadhiwa mpaka leo. Habari ya mikate kugeuka waridi haimo. Ilikuja baadaye, na inasimuliwa vilevile juu ya Mtakatifu Elizabeti wa Ureno, ambaye alikuwa mjukuu wa dada yake kwa baba. Wajakazi wale walieleza zaidi habari za chakula: kilitoka wapi, kilichukuliwa kwa nani, na nani alilala njaa ili kifike mezani.

Nawaalika wiki hii tumtazame Elizabeti kupitia ukoo wake. Alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme Andrea wa Pili wa Hungaria na Malkia Gertrude. Upande wa mama ulikuwa ukoo wa watu wakubwa mno. Dada mmoja wa mama yake, Agnes, aliolewa na mfalme wa Ufaransa. Mwingine, Hedwig, aliolewa na mtawala wa Silesia, katika Poland ya leo, na leo tunamwita mtakatifu. Mwingine alikuwa abesi, yaani mkuu wa watawa wa kike, wa monasteri ya Kitzingen. Mjomba Ekbert alikuwa askofu wa Bamberg. Katika ukoo kama huo mtoto wa kike alikuwa sehemu ya mapatano. Elizabeti alipokuwa na miaka minne, mwaka 1211, alipelekwa Thuringia, katika Ujerumani ya leo, akalelewe na wakwe zake watarajiwa mpaka afikie umri wa kuolewa. Hakurudi tena kuishi kwao.

Miaka miwili baadaye mama yake aliuawa. Malkia Gertrude alikuwa amewapendelea ndugu zake waliotoka ughaibuni. Mmojawapo, Berthold, alipewa uaskofu mkuu wa Kalocsa akiwa bado kijana. Wakuu wa Hungaria walichukia kuona vyeo na mali vikienda kwa wageni, na mwaka 1213, mfalme akiwa safarini, walimwua malkia. Mtoto wa miaka sita akapokea habari hizo akiwa ugenini, kati ya watu ambao bado hawakuwa wake. Simlaumu marehemu kwa kuuawa kwake, Mungu anisamehe nikisikika hivyo. Ila naona katika kisa hicho jambo ambalo binti alikuja kulishika maisha yake yote: upendo kwa ndugu una gharama, na mara nyingi anayelipa si yule anayependa.

Elizabeti aliolewa mwaka 1221, ana miaka 14, na Ludwig, mtawala wa Thuringia, mwenye miaka 21. Ndoa ilipangwa na wazee, lakini hawa wawili walipendana kwelikweli. Desturi ya ngome ilitaka mke wa mtawala aketi mbali na mumewe wakati wa chakula. Elizabeti alikwenda kuketi ubavuni kwake. Ludwig akisafiri, alivaa nguo za kawaida kama mtu aliye katika kilio. Walipata watoto watatu: Hermann, Sophie na Gertrude.

Sasa twende kwenye meza hiyo. Muungamishi wake, Padre Konrad wa Marburg, alimkataza kula chochote ambacho hakuwa na hakika kwamba kimepatikana kwa haki. Katika nchi ile maofisa wa mtawala waliwanyang'anya wakulima nafaka na mifugo kwa jina la ushuru. Basi Elizabeti alianza kuuliza watumishi na wapishi. Huyu kuku ametoka wapi? Ngano hii ni ya mashamba ya mume wangu, au imechukuliwa kwa mtu? Wakimwambia kwamba chakula ni halali lakini divai siyo, aliwaambia wajakazi kwamba leo watakula tu. Divai ikiwa halali na chakula kikawa na mashaka, basi leo watakunywa tu. Vyote vikiwa safi, alipiga makofi kwa furaha. Siku za karamu alikuwa akimega mikate na kusogezasogeza nyama kwenye sahani ili wageni wadhani anakula, kumbe anashinda na njaa mbele ya vyakula vyote vile.

Jambo hili linanigusa kuliko hata hospitali alizojenga. Kutoa sadaka wengi wetu tunaweza. Tunatoa Jumapili, tunachangia harusi na misiba, na jumuiya inapotembelea wagonjwa tunabeba sukari na sabuni. Lakini kuuliza fedha ya nyumbani imepatikanaje, na kumwuliza mtu unayempenda, anayekulisha, hapo ndipo pagumu. Mke anayeuliza hivyo ataambiwa anamdharau mumewe. Mtoto akiuliza, ataambiwa hana adabu. Ludwig hakumjibu hivyo. Alimwambia kwamba naye angetamani kufanya kama yeye, ila anaogopa maneno ya watu wa nyumba yake, na kwamba Mungu akipenda atarekebisha mambo. Ni jibu la mtu dhaifu lakini mkweli, na Mungu hufanya kazi na watu wa namna hiyo.

Njaa kubwa ilipoingia mwaka 1226, Ludwig alikuwa Italia pamoja na Kaisari Frederick wa Pili. Elizabeti alifungua ghala za mtawala na kugawa nafaka, akaweka hospitali chini ya ngome ya Wartburg, akawa anashuka mwenyewe kuwahudumia wagonjwa. Ludwig aliporudi, wasimamizi walimkimbilia na mashitaka. Akawaambia wamwache atoe kwa ajili ya Mungu, mradi ngome zake za Wartburg na Neuenburg zibaki.

Mwaka uliofuata Ludwig aliondoka kwenda vita vya msalaba. Hakufika Nchi Takatifu. Alikufa kwa homa huko Otranto, kusini mwa Italia, mwezi Septemba 1227, na siku chache baadaye Elizabeti alimzaa Gertrude. Alikuwa mjane wa miaka 20 mwenye watoto watatu.

Yaliyofuata hayahitaji maelezo marefu kwa dada zetu wajane wanaosoma hapa. Shemeji yake, Heinrich Raspe, alishika madaraka na mali. Wanahistoria bado wanabishana kama Elizabeti alifukuzwa, au aliondoka mwenyewe kwa sababu alichobakishiwa ni kula meza ya shemeji na vyakula vile vya mashaka. Kwangu tofauti si kubwa: mwanamke akiachiwa uchaguzi kati ya dhamiri yake na paa, amefukuzwa. Usiku ule, wakati wa baridi, alilala mjini Eisenach katika kibanda kilichokuwa cha kutunzia nguruwe. Alfajiri alikwenda kwa Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko akawaomba wamwimbie Mungu "Te Deum", utenzi wa shukrani. Kesho yake watoto wake walishushwa kwake, katika baridi hiyohiyo, na hakuna mkubwa wa mji aliyethubutu kuwapa makazi ya maana.

Ndugu wa mama walipoamka, waliamka na mipango. Mama mdogo, yule abesi, alimpokea, kisha akampeleka kwa Askofu Ekbert. Mjomba alimtunza vizuri, na akaanza kumtafutia mume mwingine. Kwa akili ya ukoo ilikuwa busara: mjane kijana, binti wa mfalme, aachwe bure? Elizabeti alisema wakimwoza kwa nguvu atajikata pua ili asitakiwe na mtu. Kisha mifupa ya Ludwig ikafikishwa Bamberg njiani kwenda kuzikwa Reinhardsbrunn. Mbele ya mifupa ile aliomba, akisema kwamba kama angeweza kumpata mumewe tena angetoa dunia nzima, lakini kinyume cha mapenzi ya Mungu asingemkomboa hata kwa unywele mmoja. Someni sala hiyo polepole, hasa ile sehemu ya kwanza. Mtakatifu hakujifanya kwamba haumii.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1228, huko Eisenach, aliweka mikono juu ya altare iliyovuliwa vitambaa akawaacha jamaa zake, watoto wake na nafsi yake. Alitaka kuacha na mali yote, Padre Konrad akamzuia, kwa kuwa kulikuwa na madeni ya kulipa na maskini wa kusaidia. Alilipwa haki yake ya ujane, marki 2000 (fedha ya wakati ule), na kwa fedha hizo akajenga hospitali Marburg. Mjumbe kutoka Hungaria alipokuja kumrudisha kwa baba yake, alimkuta anasokota sufu. Hakurudi. Alikufa huko Marburg Novemba 1231, ana miaka 24, na Papa Gregori wa Tisa akamtangaza mtakatifu mwaka 1235.

Kuhusu Padre Konrad niseme wazi. Alimpiga Elizabeti, na akawaondoa Guda na Isentrud, rafiki zake wa miaka mingi, ili asibaki na mtu wa kumfariji. Kuna wanaosimulia haya kama ngazi ya utakatifu. Mimi naona ukatili uliovaa mavazi ya kiroho, na mwanamke aliyebaki mtakatifu hata chini yake.

Lakini kuna jambo gumu zaidi. Gertrude mdogo alipelekwa monasteri ya Altenberg kabla hajatimiza miaka miwili. Elizabeti alimwomba Mungu amwondolee upendo wa kupindukia kwa wanawe, na akasema sasa anawahesabu kama jirani mwingine yeyote. Tunasoma katika Injili, "apendaye mwana au binti kuliko mimi, hanistahili" (Mt 10:37), na tunaitika Amina upesi. Nikisoma kisa hiki siwezi kuitika upesi. Yule aliyeuliza kila siku ni nani aliyelipia mkate wake alifikia mahali ambapo waliolipa ni watoto wake mwenyewe. Kanisa lilimtangaza mtakatifu kwa maisha yake yote, bila kutuagiza tuige kila hatua.

Watoto hawakumkana. Hermann alikufa kijana, mwaka 1241. Sophie aliolewa na mtawala wa Brabant, na ukoo wa Heinrich Raspe ulipokosa mrithi mwaka 1247 alipigania kwa miaka mingi haki ya mwanawe mdogo, akijitambulisha kuwa binti wa Mtakatifu Elizabeti. Mwana huyo akawa mtawala wa kwanza wa Hesse. Gertrude, yule aliyezaliwa baba akiwa tayari amekufa, alikuwa abesi wa Altenberg kwa karibu miaka 50, na Kanisa linamwita mwenye heri.

Katika sala za jumuiya wiki hii, pamoja na wajane wetu na wote wanaogombea haki ya mirathi, naomba tuwataje watoto wa watu waliojitoa sana kwa kazi ya Mungu: watoto wa makatekista, wa viongozi wa kwaya na jumuiya, wa wauguzi wa zamu za usiku. Tuwataje kwa majina yao.