Bima ya nyongeza na barabara ya Mtae

Desemba iliyopita tulikodi gari Dar es Salaam kwa siku nne ili tumpeleke mama Lushoto, na kilichonichelewesha kaunta ni karatasi ya pili, ile ya bima ya nyongeza. Gari lilikuwa na bima kubwa, na nilijiridhisha kwa kuitafuta namba yake ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, hapo hapo kwa simu; hata hivyo, mkataba ulieleza kwamba likiharibika, shilingi 1,500,000 za kwanza zingetoka mfukoni mwangu. Kwa kulipia bima ya nyongeza 35,000 kwa siku, yaani 140,000 kwa safari nzima, ningeondolewa mzigo huo.

Nilikaribia kulipa, maana anayezifahamu kona za kupanda kutoka Mombo, basi likishuka na wewe ukipanda, haoni 140,000 kuwa nyingi. Lakini nilipogeuza ukurasa nilikuta visivyolipwa na bima hiyo: tairi, rimu, vioo na sehemu yote ya chini ya gari. Nasi tulikusudia kufika hadi kijiji cha Mtae, mbele ya Lushoto, kwenye vumbi na mawe, ambako kinachoumia kwanza ni tairi au sampo, bakuli la oili chini ya injini. Nilimuuliza kijana wa kaunta magari yao hurudi na kasoro gani mara nyingi. Akacheka kidogo. "Dada, tairi na vioo vya pembeni."

Kwa wiki nzima ya foleni za Kariakoo, bodaboda na bajaji zikikwaruza milango, ningeinunua. Kwa safari ile niliikataa, nikatoa 30,000 kumwandikisha mdogo wangu kuwa dereva wa pili, kwa sababu kifungu kingine kilisema kwamba bima zote mbili hubatilika iwapo gari litaendeshwa na mtu asiyetajwa kwenye mkataba, naye ndiye aliyekuwa anipokee usukani Segera. Kisha tukalizunguka gari na yule kijana huku nikirekodi video. Mkwaruzo wa bampa la nyuma haukuwa kwenye fomu, akauchora na kutia saini.

Tulipokuwa tukirudi kutoka Mtae, jiwe lilipasua ubavu wa tairi la nyuma. Nililipa 280,000, ambazo ningezilipa hata kama ningekuwa nimeinunua bima ile.