Saa mbili ya simu na saa mbili ya mgonjwa

Nesi wa Goma, mashariki mwa Kongo, akimwambia mtu ameze kidonge saa mbili asubuhi, hakuna wa kuuliza ni saa ngapi. Saa ya simu inaandika 8:00, basi. Sasa mpe mtu huyo programu ya afya iliyotafsiriwa mbio-mbio, yenye kisanduku kinachouliza “Saa?”. Ataandika 2. Kengele italia saa nane ya usiku, nyumba nzima itaamka, na kesho yake programu inafutwa. Kijana wake aliyezoea saa za Kifaransa ataandika 8 bila shida, na wote wawili wanalala chini ya paa moja.

Kwa hiyo, wewe unayetengeneza programu, usimpe mgonjwa wa sukari au wa tansyo (presha) kisanduku cha saa. Mpe vifungo vinne vikubwa: asubuhi, mchana, jioni, kulala. Akishachagua, mwonyeshe “saa 2 asubuhi” na “8:00” kando kwa kando, na sauti isome. Hesabu yake kwenye kodi (maandishi ya ndani ya programu) ni nyepesi: chukua saa ya simu, ongeza 6, gawanya kwa 12, shika kinachobaki, kikibaki sifuri, andika 12. Na ukiwa umekaa Kinshasa unapoandika kodi hiyo, usifunge majira ya Kinshasa ndani yake. Goma, Bukavu na Lubumbashi wako mbele kwa saa moja. Ukiweka jina la majira Africa/Kinshasa badala ya Africa/Lubumbashi, kengele ya dawa ya saa mbili italia saa tatu kila siku, na hakuna atakayejua kosa liko wapi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye namba za sukari. Mashine moja inaonyesha 126, nyingine 7.0, na karatasi ya laboratwari inaandika 1,26. Ni sukari ile ile, kwa mg/dL, mmol/L na g/L. Kutoka mmol/L kwenda mg/dL unazidisha kwa 18. Kutoka g/L unazidisha kwa 100. Watengenezaji wengi hupenda ujanja wa kuotea: namba ikiwa kubwa ni kipimo hiki, ikiwa ndogo ni kile. Haya, mtu ameandika 2. Kama ni g/L, ana 200: sukari iko juu, aonane na muganga (daktari) wake. Kama ni mmol/L, ana 36: anaweza kuanguka sasa hivi. Ukiotea vibaya, unamnyima sukari mtu anayekaribia kuzimia. Uliza kipimo mara moja tu, siku anapoandikisha mashine yake, kwa picha inayomwonyesha mahali “mg/dL” au “mmol/L” ilipoandikwa kwenye kioo. Matokeo ya laboratwari yaingie kwa mlango wao, na kipimo kiulizwe kila mara. Hifadhi namba kama alivyoiandika, pamoja na kipimo chake, si ile uliyobadilisha peke yake.

Kibodi ya Kifaransa inatoa mkato, kodi inangoja nukta, na “1,26” inageuka 126 au 1. Pokea mkato na nukta, vyote viwili. Halafu kuna HI na LO. Sukari ikipita uwezo wa mashine, kwa nyingi ni 600 mg/dL, kioo hakitoi namba, kinaandika HI; ikishuka chini ya uwezo wake, kinaandika LO. Kibodi yako inakubali tarakimu tu. Yaani mgonjwa aliye hatarini kuliko wote ndiye asiyeweza kuandika chochote! Weka vifungo viwili, HI na LO, kando ya kisanduku.

Tansyo nayo ina lugha mbili. Muganga anasema kumi na nne kwa tisa, mashine inaandika 140/90. Mtu akiandika 14/9 usimkatalie wala usigeuze kimyakimya, muulize, “140 kwa 90?” Na mpaka wa nyumbani si ule wa kituo cha afya: kituoni tunahesabu iko juu kuanzia 140/90, nyumbani 135/85. Saa ya kuhesabu dakika tano ina faida kuliko grafu zote: akae, mgongo uegemee, miguu igote chini, kitambaa kifungwe juu ya ngozi, mkono uwe usawa wa moyo. Apime mara mbili, dakika moja katikati.

Tuje kwenye mikono. Chukua mama anayeuza sambaza (samaki wadogo) soko la Kituku, Goma, ana sukari miaka mingi, anachoma insulini. Vidole vina maji na magamba, na kioo cha simu hakisikii vizuri kidole chenye maji. Ncha za vidole huenda zimeshaanza kufa ganzi, macho yameanza kuingia ukungu, maana sukari hula mishipa ya huko kote. Sukari ikishuka anatetemeka, anatoka jasho, akili inapotea njia. Hapo ndipo anapofungua programu yako, na wewe unamwomba neno la siri.

Kifungo cha “Sukari imeshuka” kikae chini ya kioo, kipana toka ukingo hadi ukingo, kifikiwe kwa kidole gumba cha mkono mmoja, bila neno la siri na bila mega (intaneti). Kwa vifungo vingine 48 dp (kipimo cha Android cha ukubwa kwenye kioo), kama milimita 7 hadi 9, ndiyo chini kabisa. Kwa hiki zidisha. Akigusa mara tatu kwa kutetemeka, kihesabu mara moja. Maneno yawe machache: chini ya 70 mg/dL, vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, ngoja dakika 15, pima tena. Na kwa aliye karibu naye: akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Nyekundu na kijani peke yake havitoshi. Andika JUU, SAWA, CHINI, na mshale. Maandishi yapambanuke na ukuta wake (rangi iliyo nyuma yake) kwa 4.5 kwa 1. Mwenye ualbino, ambaye mwanga unamuumiza macho, apate ukuta mweusi. Asiyesikia apate mtikisiko wa simu na taa, na asiambiwe “piga simu” kama njia pekee ya msaada.

Asiyeona anatumia TalkBack, sauti ya Android inayosoma kilicho kwenye kioo, na hapa kuna kichekesho. Simu nyingi za huku zimewekwa Kifaransa. Sauti ya Kifaransa ikisoma Kiswahili chako, “chakula” inakuwa shakula, na “sukari” inasikika kama jina la mgeni. Tia alama ya lugha kwenye kila andiko ili simu ibadili sauti, au bora zaidi rekodi mtu wa hapa hapa. Sentensi ya sekunde tano kwa Opus (namna ya kubana sauti) ya kilobiti 16 kwa sekunde ni kilobaiti 10 tu. Sentensi mia ni mega moja.

Kengele zenyewe hufa kimya. Kuran (umeme) imekatika, betri imekwisha, simu imezimika usiku: ikiwaka tena, Android imeshasahau kengele zote mpaka programu izipange upya, na lazima uandike hilo wewe. Kuanzia Android 13 mtu anaombwa ruhusa ya arifa. Android 14 haitoi yenyewe ruhusa ya kengele ya dakika kamili kwa programu nyingi mpya. Simu za bei nafuu huongeza ubahili wao wa betri juu ya hayo. Simu ikiwaka baada ya saa ya dawa kupita, sema “hukuthibitisha dawa ya saa mbili”, na usimwambie ameze mbili kwa mpigo.

Asiye na simu ya mguso mtumie ujumbe mfupi. Kiswahili kina bahati: hakina alama za juu, kinaingia herufi 160. Lakini ukinakili “ng’ombe” yenye kistari kilichopinda, ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70 na unalipa mara mbili au tatu. Tumia kile kilichonyooka. Na ujumbe usitaje ugonjwa. Simu huzunguka nyumbani. “Kumbuka saa mbili” yatosha.

Kabla ya kuitoa, ijaribu hivi: maandishi yakuzwe mpaka mwisho, mwanga wa kioo upunguzwe, mega zizimwe, simu ilale imezimika usiku kucha. Asubuhi iwashe, chovya kidole ndani ya maji, mpe mtu asiyekujua, kaa kimya, na uhesabu amegusa mara ngapi kabla ya kuandika HI.