Kimya cha Mwisho cha Haleluya

Wiki mbili kabla ya Pasaka nilikuwa nafundisha kwaya yetu ile Haleluya ya Handel, mtunzi wa karne ya 18, tukakwama pale zinapokwama kwaya nyingi: mwishoni kabisa. Haleluya zinafuatana mbiombio, ghafla waimbaji na vyombo vyote vinanyamaza, ndipo inakuja ile ya mwisho, polepole. Jioni ile besi mmoja aliingia katikati ya kimya mara tatu. Sauti anayo, tena nzuri, ila wimbo aliushika kwa sikio na mapigo hahesabu.

Mwanzo nao una mtego huo huo. Do ni noti ya D: do, so, la, so. "Ha" pigo moja na nusu; "le", "lu" na "ya" nusu nusu; kisha pigo zima la kunyamaza. Ukiivuta "ya" ukalimeza pigo hilo, wimbo wote unakuwa uji.

Nikawaketisha, nikawasimulia. Novemba 1741 Handel alikuwa Chester, mji wa Uingereza, akingoja upepo wa kumvusha kwa meli kwenda Dublin, Ayalandi. Inasemekana aliomba waimbaji wa mji ule wamjaribishie sauti. Besi mmoja, mpiga chapa, akavuruga kabisa, na mzee akawaka. Namwelewa. Mwaka 1737 alikuwa amepooza mkono wa kulia, akaenda kujitibu kwenye maji moto ya Aachen, Ujerumani. Mapema 1741 opera yake ya mwisho, Deidamia, ilionyeshwa London mara tatu tu. Messiah, kazi ndefu ya kwaya na vyombo yenye Haleluya hii, aliiandika kwa siku 24, kuanzia 22 Agosti.

Dublin ikampokea. Tarehe 13 Aprili 1742 watu kama 700 walibanana ukumbini kuisikia Messiah kwa mara ya kwanza. Wanawake walikuwa wameombwa waje bila zile fremu za kutanua sketi, wanaume bila zile panga za kiunoni, ili nafasi itoshe. Mapato, paundi kama 400, yaligawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni, na wadaiwa 142 wakatoka gerezani. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote katika maisha yake.

Tukasimama tena. Yule besi nilimwambia ahesabu kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu, macho yake yawe kwenye mkono wangu, asiwafuate wenzake. Tulipofika mwisho, ilisikika feni ya dari peke yake. Kisha wakaingia wote.